Kutua kwa Chombo cha Mzee Magesa

Jumatatu, 2 Juni

Uzi tena. Picha mia mbili na kumi tangu asubuhi, na kila moja ina uzi unaoning'iniza chombo, unang'aa utadhani umepakwa mafuta. Nafuta. Nasogea picha inayofuata. Nafuta. Shingo imekaza. Chai imepoa mara mbili na nimeinywa hivyo hivyo.

Hii ni sehemu ya nne ya "Wageni wa Zohali". Zipo kumi na tatu. Kituo cha televisheni kinataka kuzirusha upya mwezi ujao zikiwa safi: uzi usionekane, chombo cha angani kisiyumbe, moshi ufanane na moshi. Kwa sasa moshi ni unga wa muhogo uliopulizwa kwa pampu ya baiskeli. Kuna mahali mwigizaji anapiga chafya kweli kweli na hawakukata.

Nilikuwa na miaka tisa tamthilia hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Kila Jumapili niliacha ndoo bombani nikakimbilia kwa jirani mwenye televisheni, mtaa mzima tumejazana sakafuni. Nimechapwa kwa ajili yake. Ndiyo iliyonifanya nisomee kompyuta. Leo nimekaa Ilemela, pazia limefungwa jua lisipige kioo, naufuta utoto wangu kipande kwa kipande. Sijisikii vizuri.

Jumatano, 4 Juni

Fadhili kapiga simu kutoka Dar. Ndiye msimamizi wangu kituoni. Mstaarabu, husema "naomba" hata anapoamuru. Anataka nimtafute aliyetengeneza kile chombo, nimweleze tunachofanya, nipate baraka zake. Jina lake ni Mzee Magesa, fundi bati, mtaa wa Kirumba, hapa hapa jirani.

Yupo hai. Miaka yote hii nilidhani mambo yale yalitengenezwa na watu wa mbali, pengine wazungu. Kumbe ni mtu wa Kirumba, na huenda hata ile ndoo niliyokuwa naitelekeza bombani ni yake.

Naogopa kwenda. Nitamwambia nini mzee wa watu? Shikamoo, nimekuja kufuta kazi yako.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda.

Karakana yake iko nyuma ya uwanja wa mpira. Paa la mabati, benchi moja refu, ndoo na majiko na makopo ya kumwagilia bustani yamening'inia mpaka mlangoni. Upepo ukigeuka unaleta harufu ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni. Nimemwamkia, akaitika marahaba, akanishika mkono na hakuuachia haraka. Aliupapasa kwanza, kama anapima bati.

Nilikuwa nimejiandaa. Hotuba ndefu kuhusu heshima na kumbukumbu na jinsi ambavyo hatutagusa chochote bila ruhusa yake. Akanikata kauli katikati.

"Uzi ule umenitia aibu miaka yote hii, mwanangu. Utoe."

Halafu akauliza alichokuwa anangoja kuuliza tangu nilipoingia. "Na kutua je? Safari hii kitatua?"

Nilijua anachosema. Kila aliyeiona tamthilia anajua. Sehemu ya kumi na tatu, ya mwisho kabisa. Chombo kinashuka kuelekea ziwani, watu wamesimama juu ya mawe wanatazama juu, halafu kioo kinakuwa cheusi. Giza tupu. Sauti ya msimulizi inasema, "Na chombo kikatua." Basi, majina yanapanda. Nilikuwa na miaka tisa na nililia kwa hasira.

Leo nimejua sababu. Chombo kilikuwa vifuniko viwili vya sufuria vilivyofunikana. Mzee alitaka taa tatu ziwake chini yake, kwa hiyo akatoboa matundu matatu tumboni. Fundi ndoo. Mtu ambaye ndoo zake hazijawahi kuvuja Kirumba nzima. Alifikiria taa, akasahau maji. Walipokishusha ziwani kilimeza maji papo hapo na kuzama kabla mpiga picha hajabonyeza kitu. Kamera ilikuwa ya kuazima, ilitakiwa kurudi jioni ile. Wakaweka giza na ile sauti.

Tangu hapo sokoni wanamtania. Magesa, kimetua? Ni utani tu, naye hucheka. Leo alipokuwa ananisimulia hakucheka.

Binti yake, Mama Neema, alinisindikiza mpaka barabarani. Ndiye anayekaa naye. Kaniambia mzee ana presha ya macho. Jicho la kushoto halioni kabisa. La kulia linaona katikati tu, tundu dogo, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kinapungua. Mzee ana mtoto mwingine Nairobi aliyetaka kumchukua akatembee. Hataki. Anataka kukiona chombo kinatua kabla macho hayajafunga.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefikiri siku nzima. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeupenda ule uzi. Yeye hakuutaka kamwe. Nilijiona mwema, mlinzi wa kazi ya mzee, kumbe nalinda Jumapili zangu. Nimejicheka, halafu nimejichukia kidogo.

Nimefuta uzi wote wa sehemu ya tano bila huruma.

Jumanne, 10 Juni

Chombo kipya, kitakachoshika nafasi ya kile kinachoyumba, kimekamilika kwenye kompyuta. Nimekaa nacho siku tatu. Kinang'aa, kinazunguka, mawingu yanaonekana juu ya mgongo wake. Nimemtumia Fadhili, akajibu kwa neno moja, "Aisee." Nikavimba kichwa.

Mchana nikakimbilia Kirumba na kompyuta mkobani. Nikaifungua kwenye benchi mbele ya mzee. Akainamisha kichwa, akakigeuza upande, akakirudisha, kama kuku anayetafuta punje. Alikuwa anapata kipande tu, kona ya ukingo, kidogo cha mawingu, na kila alipokitafuta chombo kilikuwa kimeshasogea. Nikakisimamisha. Bado. Akapeleka mkono na kugusa kioo. Kioo bapa, cha moto.

"Nipe nikishike," akasema.

Sikuwa na kitu cha kumpa. Nimesomea kazi hii miaka minne na sikuwa na kitu cha kumpa mtu ashike.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata wazo njiani nikirudi, na leo nimelifanyia kazi. Nimekifumua chombo kwenye kompyuta, nikakilaza bapa vipande vipande kama fundi nguo anavyokata karatasi kabla ya kitambaa. Nikaenda mjini Nyamagana kuchapisha. Mchapishaji akauliza ni gauni la nani. Nikamwambia la mgeni kutoka Zohali. Akaandika hivyo kwenye bahasha.

Halafu Kirumba. Mzee aliweka karatasi juu ya bati, akapitisha kidole kwenye kila mstari, akanipa mkasi. Mimi nikate. Sijawahi kushika mkasi wa bati. Mkono unauma mpaka kwapani. Nimejikata mara mbili, nimeungua mara moja kwa lehemu. Yeye anakunja pembe bila kutazama, anazungumza habari za mvua, na mkunjo umenyooka. Nina wivu na mikono ile.

Jumatatu, 16 Juni

Chombo cha bati kimekwisha. Kikubwa kiasi cha sinia la kulia watu wanne. Mzee amekipakata asubuhi nzima. Anapapasa, anasema, mimi naandika. Hapa pamevimba. Hapa pamebonyea. Mgongo mzuri. Tumbo limechongoka mno, kitu cha kukaa juu ya maji kinataka tumbo la beseni. Nikabisha kwamba cha kuruka kinataka kuchongoka. Akasema kuruka kilisharuka sehemu kumi na tatu, tatizo lake ni kutua.

Kisha akauliza kwenye kompyuta kimeungwa wapi. Nikamwambia hakijaungwa popote, ni kimoja. Vidole vyake vikatembea juu ya mkunjo wa bati. Akauliza, sasa nani alikitengeneza?

Nimerudi nyumbani nikaongeza mikunjo. Nimeongeza misumari. Nimelibonyeza tumbo. Sasa ukikitazama unaona kuna mtu alikaa nacho. Ni kizuri zaidi ya kile cha "Aisee" na nilitaka kulia, kwa sababu ni kazi yake na ni yangu vilevile.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwomba Fadhili niongeze picha za kutua. Amekataa.

Sababu zake zina akili, ndiyo maana zimeniudhi. Mkataba ni kusafisha kilichopo, siyo kuongeza kisichokuwepo. Watazamaji wa zamani wanalijua lile giza, wanaisema ile sentensi pamoja na msimulizi. Ukiwaondolea watasema tumeharibu. Nikamweleza habari za mzee na macho yake. Akasema, "Dada, naomba unielewe." Kwa lugha yake hiyo ni hapana.

Nitazitengeneza hata hivyo. Kwa muda wangu. Mzee hajaniomba nimwonyeshe nchi nzima. Ameomba aone yeye.

Jumapili, 22 Juni

Siku nzuri kuliko zote mwezi huu.

Baada ya ibada tumeshuka ziwani, mimi na mzee na Mama Neema, na chombo cha bati kimefungwa kwenye kanga. Nilihitaji kuona maji yanafanya nini, kwa sababu maji ya kompyuta yangu yalikuwa mazito kama uji. Mzee kakunja suruali, kakaa juu ya jiwe, miguu majini. Akakishusha chombo kwa mikono miwili. Taratibu. Akakiacha.

Kikaelea.

Hakuondoa mkono. Aliuweka chini yake, ndani ya maji, bila kukigusa, kwa muda mrefu sana. Mama Neema alitazama pembeni. Mimi nilikuwa nashika simu narekodi na nilimshukuru Mungu nilikuwa na kazi ya kushika simu. Tumekishusha mara ishirini na kitu. Mzee anasema maji hayaruki kwanza. Kwanza yanafunguka, yanakitengea nafasi, halafu ndiyo yanapanda pembeni. Nimetazama video mara nyingi jioni hii. Ni kweli kabisa.

Jumanne, 24 Juni

Siku mbaya. Umeme umekatika saa nne asubuhi kompyuta ikiwa inapika picha za kutua ziwe video kamili, na kila kilichopikwa tangu jana kimepotea. Nimeanza upya. Sehemu ya kumi na mbili bado ina nyuzi. Kituo kinataka zote Jumamosi.

Halafu Mama Neema kapiga simu. Mzee kajikata kidole gumba. Hakukiona kidole chake mwenyewe kwenye mkasi. Wamekwenda kliniki, wamemshona, na daktari wa macho akampima palepale. Tundu limezidi kuwa dogo. Mama Neema kafunga karakana na kuficha ufunguo. Amefanya sawa. Mzee hazungumzi naye tangu mchana.

Naogopa. Niandike wazi: naogopa nitamaliza na macho yake yatakuwa yameshafunga, na atanipa pole mimi.

Jumamosi, 28 Juni

Zimekwisha. Sehemu kumi na tatu, hakuna uzi hata mmoja. Nimetuma zote kabla ya saa sita mchana. Nikatuma na kutua, peke yake, sekunde arobaini. Nilijua jibu lakini nilitaka Fadhili aone.

Kajibu jioni. Ameitazama mara nne. Amesema ni picha nzuri kuliko zote katika kazi nzima. Na ni hapana.

Sina hasira naye tena. Nimelala mchana wote na viatu miguuni.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeazima projekta ya kwaya. Nimepeleka karakana, Mama Neema akatufungulia kwa saa moja tu. Tukafunga milango na madirisha, tukaziba nyufa kwa magunia, tukatundika shuka jeupe ukuta mzima. Niliwaza hivi: macho mabovu, picha kubwa. Chombo chenyewe kikawa kikubwa kuliko gari. Nilijiona mwerevu.

Mzee kakaa kwenye kigoda chake, kavaa koti. Kavaa koti la kanisani kwa ajili ya sekunde arobaini.

Nikawasha. Kichwa chake kikaanza kutembea. Kulia, kushoto, juu. Picha ikaisha. Nikarudia. Nikarudia tena. Alikuwa anaona mwanga, akasema, na kitu cheupe. Labda ni maji. Mara ya tano akaniambia ni nzuri sana mwanangu, na nilijua hajaona kitu, kwa sababu hakukosoa chochote.

Nimerudisha projekta. Sijala.

Jumatano, 2 Julai

Asubuhi nimekwenda kumjulia hali tu, mikono mitupu. Mama Neema alikuwa anamimina chai. Kasema jambo dogo, wala hakulisema kwangu, alikuwa analalamika: baba hauoni uso wangu nikimkaribia, lakini jana kaniambia kuna mtu ananipigia, kaiona simu ikiwaka kule kabatini.

Nikaweka kikombe chini.

Mzee anachungulia ndani ya bomba. Ukileta kitu kikubwa mbele ya bomba anaona kipande. Kitu kidogo, cha mbali, kinaingia chote. Nimesumbuka siku zote hizi nikikuza picha.

Nikatoa simu, nikafungua sekunde arobaini, nikasimama mbele yake mkono nimenyoosha. "Rudi nyuma," akasema. Nikarudi. "Tena." Nikarudi mpaka mgongo ukagusa mlango, hatua tatu hivi, simu kifuani kwangu kama kitambulisho. Akatulia. Kichwa hakikutembea. Nikabonyeza.

Sikuona picha, mimi nilikuwa nyuma ya simu. Niliuona uso wake. Mdomo ulifunguka kidogo. Mkono wenye bandeji ulipanda polepole kutoka gotini, ukashuka polepole, kiganja kikitazama chini, ukatua juu ya goti. Ukakaa hapo.

"Rudia."

Nimerudia mara saba. Mara ya nane akasema moshi ni mwingi mno upande wa nyuma. Nikamwambia nitapunguza. Nimetoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, Mama Neema akanikuta na tukalia wote wawili, halafu tukaingia kumalizia chai.

Jumapili, 6 Julai

Kituo kimeanza na sehemu ya mwisho, usiku wa kwanza, kama tangazo la zilizobaki. Uamuzi wa ajabu, lakini mimi siyo msimamizi. Tumetazama kwa Mama Neema. Majirani wamejaa, wengine kwenye mkeka, wengine dirishani. Mzee kakaa pembeni na hakuelekeza uso kwenye televisheni. Alikuwa anasikiliza tu.

Walipenda. Chombo kilipotokea nyuma ya wingu mtu mmoja akapiga mluzi. Nilijisikia fahari, siwezi kukataa. Kisha watu juu ya mawe, wote wanatazama juu, chombo kinashuka, kinashuka. Giza. Sauti ikasema maneno yake, na nusu ya chumba ikayasema pamoja nayo, kama Fadhili alivyotabiri. Halafu wakaanza kunung'unika. Yaani wamesafisha kila kitu na hapa wameacha vilevile. Miaka yote hii na bado hatujui kilitua vipi.

Mzee akakohoa.

Akawaambia kilitua vizuri tu. Kilikuja kwa upande wa kisiwa cha Saanane, chini chini, bila haraka. Maji hayakuruka kwanza, yalifunguka. Jirani akacheka, akamuuliza ameyaona wapi hayo. Mzee akajibu kwamba ameyaona Jumatano asubuhi, akaendelea. Alikuwa anasimulia kwa mikono yote miwili. Watoto wa kwenye mkeka wakageuka, wakakipa kioo kisogo, wakamtazama yeye. Majina yalikuwa yanapanda, langu likiwemo, na muziki wa mwisho ulikuwa juu. Mama Neema akapunguza sauti ya televisheni ili tumsikie.